Mpaka wa futi nne: nani anabeba dhamana mtu akidhalilishwa ndani ya uhalisia pepe?

Tarehe 4 Februari 2022 kampuni ya Meta ya Marekani, mmiliki wa Facebook na WhatsApp, ilitangaza kuweka mpaka mpya. Mpaka huo hauna geti, hauna forodha wala foleni ya malori. Upana wake ni takriban futi nne, na uliwekwa ndani ya Horizon Worlds, moja ya sehemu ambazo mtu huingia kwa kuvaa miwani ya kompyuta na kujikuta, kwa macho na masikio yake, amesimama mahali ambapo mwili wake haupo. Tangu hapo avata mmoja, yaani umbo la kuchorwa linalomwakilisha aliyevaa miwani, hakuweza tena kumsogelea mwenzake kupita umbali huo. Akijaribu, anasimama hapo hapo kama aliyekutana na kioo.

Kampuni haikuamka tu asubuhi na kuweka mpaka huo. Mwishoni mwa Novemba 2021, huduma hiyo ikiwa bado kwenye majaribio, mwanamke mmoja aliyekuwa miongoni mwa wajaribu alitoa taarifa kwamba avata wake alipapaswa na mtu asiyemfahamu, na kwamba waliokuwa karibu waliunga mkono kitendo hicho. Uchunguzi wa ndani wa kampuni ulijibu kwamba alipaswa kutumia kitufe cha usalama kilichokuwepo, ambacho kingemzungushia kinga asiguswe wala kusemeshwa. Tarehe 9 Desemba mwaka huo milango ikafunguliwa kwa watu wazima wote wa Marekani na Kanada. Mpaka wa futi nne ukaja karibu miezi miwili baadaye.

Kwa msomaji anayeshinda Rusumo, Malaba au Kasumbalesa akisubiri karatasi zake zigongwe mhuri, habari ya avata kupapaswa yaweza kuonekana ni ya watu wenye muda wa kuchezea. Lakini miwani hii imekwisha kuwa bidhaa kama bidhaa nyingine. Ile ya Quest 2 ilitoka Oktoba 2020 kwa dola 299 za Marekani, na Quest 3S ya Oktoba 2024 ilianza kwa bei hiyo hiyo, ambayo ni chini ya bei ya simu nyingi za daraja la juu. Imekuwa pia chombo cha kazi katika usafirishaji wenyewe: mwaka 2017 kampuni ya UPS ya Marekani ilitangaza kwamba madereva wake wanafunzi watavalishwa miwani hiyo katika vituo vyake vya mafunzo ili wajifunze kutambua hatari za barabarani kabla ya kukabidhiwa gari. Na swali linaloulizwa humo ndani ni lile lile ambalo watu wa mpakani wamelijua miaka mingi: jambo likiharibika mahali ambapo nchi mbili zinakutana, anawajibika nani, na anadaiwa wapi?

Mwili haujui kuwa ni mchezo

Anayetazama sinema anaona kioo mbele yake, na nyuma ya kioo anaona ukuta. Aliyevaa miwani ya uhalisia pepe haoni ukuta. Kila jicho linapewa picha yake, na picha hizo zinabadilishwa makumi ya mara kwa sekunde kufuatana na kichwa kinavyogeuka. Sauti ya anayesema upande wa kushoto inasikika kushoto. Vishikio viwili vya mkononi vinapeleka kila mkono unavyosogea, na vinaweza kutetema pale kitu kinapoguswa. Ubongo unapopokea habari zote hizo zikikubaliana, unazichukua kuwa kweli. Mtu akisimamishwa kwenye ubao ulio juu ya ghorofa la kuchorwa, magoti humtetemeka, ingawa anajua fika kwamba yuko juu ya zulia la sebuleni kwake. Kampuni ya bima ya Aviva ya Uingereza ilieleza kwamba mwaka 2021 madai yanayohusu vitu vya nyumbani vilivyoharibiwa na watu waliovaa miwani hiyo yalipanda kwa asilimia 31. Watu walikuwa wanavunja runinga zao wenyewe wakipigana na maadui wasiokuwepo.

Ufundi huo unaomtetemesha mtu juu ya ubao ndio unaomfanya ashtuke mkono wa mgeni unapomfikia kifuani. Oktoba 2016 mwanamke mmoja wa Marekani alieleza jinsi alivyokuwa akicheza QuiVr, mchezo wa upinde na mishale, pale mchezaji mwingine aliposikia kwa sauti kwamba ni mwanamke, akaanza kumfuata na kumpapasa. Alijaribu kukimbia, akafuatwa. Akavua miwani. Watengenezaji wa mchezo huo walikuwa tayari wameweka kinga ndogo iliyofanya mikono ya wengine itoweke ikikaribia uso wa mchezaji, lakini hawakufikiria sehemu nyingine za mwili. Baada ya taarifa hiyo waliipanua kinga ifunike mwili mzima, wakaongeza ishara ya mikono ambayo ikifanywa humfanya msumbufu apotee machoni.

Desemba 2021 watafiti wa Center for Countering Digital Hate, taasisi inayofuatilia chuki mitandaoni, waliingia VRChat, programu maarufu ya kukutania watu iliyokuwa inapatikana kwenye miwani ya Meta, na kukaa humo jumla ya saa 11 na nusu. Walihesabu matukio 100 ya matusi, vitisho, udhalilishaji wa kijinsia na watoto kuonyeshwa mambo ya watu wazima. Hilo ni tukio moja katika kila dakika saba. Walipotaka kuyaripoti kwa Meta, ni matukio 51 tu yaliyokubalika kwenye fomu ya malalamiko, na kwa mujibu wa taasisi hiyo hakuna hata moja lililopata jibu. Idadi hiyo ya pili inafaa kuangaliwa kuliko ile ya kwanza. Wahuni wapo katika kila stendi ya mabasi. Stendi inakuwa hatari pale ambapo ukienda kuwashtaki hakuna anayefungua dirisha.

Januari 2024 vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti kwamba polisi wa nchi hiyo wanachunguza shauri la msichana wa chini ya umri wa miaka 16 ambaye avata wake alishambuliwa kingono na kundi la avata wa wanaume. Hakuwa na jeraha mwilini. Aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, James Cleverly, aliwatetea polisi dhidi ya waliosema wanapoteza muda, akieleza kwamba ni rahisi kulipuuza jambo hilo kuwa si la kweli, ilhali mazingira hayo yametengenezwa makusudi yamzame mtu na kiwewe chake ni cha kweli. Ugumu ulikuwa kwenye sheria. Makosa ya shambulio la ngono nchini humo yanadai mguso, na hapa hakuna mwili uliogusa mwingine.

Jambo lenyewe si geni kama linavyodhaniwa. Mwaka 1993, katika mchezo wa mtandaoni uliokuwa wa maandishi matupu, bila picha hata moja, mtu mmoja aliandika kwa majina ya wenzake vitendo vya ngono ambavyo hawakuvikubali. Wakazi wa mchezo huo walijadiliana siku kadhaa nini kifanyike, hadi fundi mmoja akamfuta mhusika kwa uamuzi wake binafsi. Zaidi ya miaka 30 baadaye picha na sauti zimeongezeka sana. Utaratibu wa haki haujasogea kwa kasi hiyo.

Sili inayofunguliwa kwa maneno matamu

Mpaka wa futi nne ulikuwa hatua, na ni haki kusema hivyo. Ulikuja ukiwa umewashwa tayari, bila mtu kutakiwa kuutafuta kwenye orodha ya mipangilio wakati tayari anazongwa. Baadaye katika mwaka huo wa 2022 kampuni ilimpa mtumiaji uwezo wa kuubadilisha mwenyewe, na ikaongeza pia njia ya kuzivuruga sauti za wageni ili matusi yao yasieleweke.

Hata hivyo, Mei 2022 shirika la kampeni la SumOfUs, ambalo sasa linaitwa Ekō, lilichapisha ripoti kuhusu mtafiti wake wa kike mwenye umri wa miaka 21 aliyeingia Horizon Worlds. Haikufika saa moja kabla avata wake hajaingizwa katika chumba cha faragha na kushambuliwa kingono, huku mwingine akitazama. Kwa maelezo ya shirika hilo, mpaka wa futi nne ulikuwa umezimwa, kwa sababu waliomkaribisha walimshawishi auzime.

Dereva yeyote wa transit anaijua hali hii. Sili ya kontena ina nguvu pale tu ambapo dereva hana ruhusa ya kuifungua, hata akiombwa na rafiki, hata akiambiwa ni kwa dakika mbili. Sili ambayo dereva anaweza kuifungua na kuifunga apendavyo haimlindi mwenye mali, na haimlindi dereva mwenyewe, kwa sababu wahalifu wakishajua ufunguo uko mfukoni mwake watamfuata yeye. Mtoto wa miaka 14, au mgeni anayetaka kukubaliwa na kundi, ni mtu rahisi kushawishiwa kuliko dereva mzoefu.

Wapo wanaosema kwamba mtu mzima ana haki ya kuchagua umbali anaoutaka na wenzake. Hoja hiyo ina uzito. Marafiki wanataka kupeana mikono, fundi na mwanafunzi wake wanataka kusimama pamoja mbele ya injini moja. Lakini ipo tofauti kati ya kumfungulia mpaka mtu mmoja unayemjua na kuufuta kwa kila aliyemo chumbani. Jukwaa linaloamua ni kitu gani kiwe kimewashwa mtu anapoingia kwa mara ya kwanza, na kizimwe kwa hatua ngapi, linaamua pia ni wangapi watadhurika. Uamuzi huo uko mikononi mwa kampuni, na ndiko lawama inakopaswa kuanzia.

Mzigo ukipotea njiani

Katika biashara ya kuvuka mipaka, hoja ya nani anawajibika ilikwisha kujibiwa zamani, tena kwa vitendo. Mzigo unaopita nchi moja kwenda nyingine huwekewa dhamana ya forodha. Kontena likitoweka kabla ya kufika mpaka wa kutokea, mamlaka ya mapato inamwendea aliyeweka dhamana. Haimfuati mwenye mali huko Bujumbura au Lubumbashi kumwuliza kwa nini hakupanda juu ya lori na rungu kulinda shehena yake. Sababu yake ni nyepesi: aliyeshika usukani, njia na funguo ndiye mwenye uwezo wa kuzuia hasara.

Majukwaa ya uhalisia pepe yameendeshwa kwa mpango wa kinyume. Kampuni ndiyo inayojenga chumba, inayopanga nani akutane na nani, inayojua kila akaunti iliingia saa ngapi na kusimama wapi. Aliyeingia anapewa vitufe: zuia, nyamazisha, ripoti, ondoka. Kila kitufe kinamtaka afanye kazi akiwa katikati ya kushambuliwa, na kile cha mwisho kinamtoa yeye na kumwacha mkosaji ndani. Kwa mfanyakazi aliyetumwa na mwajiri wake kwenye mafunzo au mkutano wa namna hiyo, kuondoka kunaweza kumaanisha kukosa kazi.

Ulaya imeanza kuihamisha dhamana. Sheria ya Usalama Mtandaoni ya Uingereza ya mwaka 2023 inazitaka huduma zinazowakutanisha watu, zikiwemo za uhalisia pepe, zipime hatari za huduma zao na kuchukua hatua kabla madhara hayajatokea. Mdhibiti, Ofcom, anaweza kutoza faini ya hadi pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote, kiwango kilicho kikubwa zaidi. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024, ina faini inayoweza kufika asilimia 6 ya mapato ya dunia. Faini za namna hiyo zinasomwa na wahasibu, na mahali ambapo wahasibu wanasoma, mafundi huambiwa warekebishe.

Sheria zilizoandikwa kwa ajili ya ujumbe

Hali ikoje upande huu? Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kifungu chake cha 23 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya nafsi. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, ambayo kifungu chake cha 27 kinahusu usumbufu wa mtandaoni. Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nazo zina sheria zao.

Vifungu hivyo vya Tanzania na Kenya vimejengwa juu ya neno moja, mawasiliano. Aliyevitunga alikuwa na picha ya ujumbe wa simu, barua pepe, maandishi ya kwenye ukuta wa mtandao wa kijamii. Je, mkono wa avata ukipita kifuani kwa avata mwingine ni mawasiliano? Wakili mzuri anaweza kujenga hoja kwamba ndiyo, kwani ni ishara iliyotumwa na mtu mmoja kwenda kwa mwingine kupitia kompyuta. Wakili wa upande wa pili atauliza ujumbe uko wapi, usomwe mahakamani.

Hapo ndipo ushahidi unapoingia. Ujumbe wa simu hubaki. Tendo la ndani ya miwani hupita kama tendo la barabarani usiku. Horizon Worlds iliwekwa utaratibu ambapo miwani yenyewe inashikilia kumbukumbu ya dakika chache zilizopita, ikijifuta mfululizo, na kipande hicho kinapelekwa kwa kampuni pale mtumiaji anaporipoti. Ni mpango wa busara. Unafanana kidogo na sili za kielektroniki zilizowekwa tangu mwaka 2017 kwa ajili ya kufuatilia shehena kutoka Mombasa hadi Kampala na Kigali, ambapo sili ikifunguliwa njiani wahusika wa nchi zote tatu wanapata habari. Tofauti iko mwishoni mwa safari. Habari za sili zinafika kwa mamlaka za serikali zenye wajibu wa kuchukua hatua. Kipande cha miwani kinafika kwa kampuni, na kampuni inaamua yenyewe kama kuna kosa.

Halafu kuna suala la mipaka yenyewe. Mshambuliaji anaweza kuwa Marekani, aliyeshambuliwa Arusha, seva katika nchi ya tatu na makao makuu ya kampuni katika ya nne. Anayedhani jambo hili haliwezi kupangika aangalie Namanga au Mutukula. Kabla ya vituo vya pamoja vya huduma mpakani, lori lilisimamishwa mara mbili na afisa wa nchi moja hakuwa na mamlaka hata hatua moja ng'ambo ya mstari. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Vituo vya Pamoja ya mwaka 2016 ilitamka kwamba ndani ya eneo la udhibiti maafisa wa nchi jirani wanaweza kutekeleza sheria za kwao wakiwa kwenye ardhi ya mwenzao. Serikali zilikubaliana kuhusu chumba kimoja chenye sheria mbili. Kinachohitajika kwa vyumba vya ndani ya miwani ni makubaliano ya aina hiyo, ingawa huko wahusika ni wengi zaidi na mmoja wao ni kampuni yenye mapato makubwa kuliko bajeti za serikali nyingi.

Mkataba wa Umoja wa Afrika wa Malabo kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi, uliopitishwa mwaka 2014, ulianza kutumika Juni 2023. Umoja wa Mataifa nao ulipitisha mkataba wake dhidi ya uhalifu wa mtandao Desemba 2024, na ukafunguliwa kutiwa saini mjini Hanoi Oktoba 2025. Unahitaji kuridhiwa na nchi 40 ndipo uanze kufanya kazi.

Mahakama za Nairobi hazikusubiri mikataba. Kesi zilizofunguliwa dhidi ya Meta kuanzia mwaka 2022 na waliokuwa wasimamizi wa maudhui, watu waliolipwa kutazama picha za kutisha ili wengine wasizione, zilipingwa na kampuni hiyo kwa hoja kwamba haina makao Kenya na hivyo haiwezi kushtakiwa huko. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja hiyo. Aprili 2025 Mahakama Kuu nayo iliruhusu kesi nyingine iendelee, inayohusu machapisho ya Facebook na mauaji yaliyotokea nchini Ethiopia. Hakuna kati ya kesi hizo inayohusu uhalisia pepe. Uzito wake uko kwenye mlango zilioufungua: madhara yaliyotokea nchi jirani, kwa huduma inayoendeshwa kutoka bara jingine, yanaweza kusikilizwa Nairobi. Mfanyabiashara wa Moyale anayeuza pande zote mbili za mpaka ana sababu ya kuifuatilia kesi hiyo.

Kumbukumbu inayolinda, kumbukumbu inayofuatilia

Upo upande mwingine ambao wanaodai ulinzi mkali wakati mwingine huuruka. Ili mhuni apatikane, lazima mienendo iwekwe kumbukumbu, na kumbukumbu ya mienendo ya mwili si kitu chepesi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotoka mwaka 2020 ulionyesha kwamba kati ya watu 511, mfumo uliweza kumtambua mhusika kwa usahihi wa asilimia 95 kwa kutumia chini ya dakika tano za jinsi kichwa na mikono vilivyosogea. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichukua kumbukumbu za wachezaji 55,541 wa mchezo wa Beat Saber. Sekunde 100 za mwendo zilitosha kumtambua mtu kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 94. Mtu anaweza kubadili jina, sura na sauti ya avata wake. Namna anavyoinua bega hawezi kuiacha nyumbani.

Kwa kampuni ya malori inayofikiria kufundisha madereva kwa miwani, hili si jambo la pembeni. Kifaa kinachoona kama dereva aligeuza kichwa kutazama kioo cha pembeni kinaona pia mikono inayotetemeka, shingo iliyokakamaa, macho au mwitikio uliochelewa. Taarifa hiyo ikibaki kwa mwalimu ni somo. Ikienda kwa mwajiri inaweza kuwa sababu ya kumwachisha mtu kazi, na ikienda kwa kampuni ya bima inaweza kupandisha gharama bila dereva kujua ni kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinaziweka alama za kimwili za kumtambulisha mtu katika kundi la taarifa nyeti. Kama mwendo wa bega nao umo katika kundi hilo, ni jambo ambalo mkataba wa mafunzo unapaswa kulitamka kabla ya dereva wa kwanza kuvaa miwani.

Wateja walio wadogo

Watoto ndio wanaoifanya mada hii iwe ya dharura. Horizon Worlds ilianza kwa watu wa miaka 18 na zaidi. Aprili 2023 ilifunguliwa kwa wenye miaka 13 hadi 17 wa Marekani na Kanada. Mwaka huo huo Meta iliruhusu watoto wa miaka 10 kutumia miwani yake kupitia akaunti zinazosimamiwa na wazazi. Tarehe 9 Septemba 2025 watafiti wawili waliowahi kufanya kazi kwenye kampuni hiyo walitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, wakidai kwamba wanasheria wa kampuni walizuia na hata kufuta matokeo ya tafiti zilizoonyesha watoto wakidhurika ndani ya uhalisia pepe. Kampuni ilikanusha, ikisema tangu mwaka 2022 imeidhinisha takriban tafiti 180 za eneo hilo, zikiwemo za usalama wa vijana.

Wakati mabishano hayo yakiendelea Washington, sanduku la miwani linauzwa kama sanduku lingine lolote. Muuzaji wa dukani hawezi kubeba mzigo wa Meta, lakini kuna dakika kumi ambazo zipo mikononi mwake. Akiiwasha miwani mbele ya mzazi, akafungua akaunti kwa umri wa kweli wa mtoto badala ya kuandika mwaka wowote ili mambo yaishe haraka, akamwonyesha mpaka wa kujikinga ulipo na kwamba sauti za wageni zinaweza kuzimwa, atakuwa amefanya kitu ambacho kwenye karatasi ya maelekezo kimeandikwa kwa herufi ndogo mno. Akaunti ikiandikishwa kwamba mtoto ana miaka 25, kinga zote za kampuni kwa watoto, nzuri na mbaya, zinampita.

Na kwa msafirishaji anayeletewa mkataba wa mafunzo ya namna hii na muuzaji wa nje, vifungu vya kutafuta kwanza ni vile vya nyuma: kumbukumbu za mwendo zinakaa nchi gani na kwa muda gani, malalamiko ya dereva aliyedhalilishwa ndani ya chumba cha mafunzo yanajibiwa na nani na ndani ya siku ngapi, na mgogoro ukitokea mahakama iliyoandikwa pale ni ya Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au California.